Antrenere Aliyetaka Kila Kitu Kiwemo

Kule Kalembe tulimwita Antrenere, yaani kocha wa mpira, na hilo lilimtosha. Mkewe alimwita hivyo akimwita kula. Wazee ambao hawakuwahi kutazama mechi hata moja walimwita hivyo walipotaka aje kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba. Alikuwa mfupi, mwenye miguu mikubwa kuliko mwili wake, na alivaa koti la mvua la kijani hata siku ya jua kali. Akitembea na watu alikuwa mbele daima, akigeuka kila mara kuhesabu waliomfuata. Hata akitoka kanisani na mkewe peke yake aligeuka kuhesabu.

Nilimfahamu miaka mingi. Kwanza kama mtoto aliyefukuzwa naye uwanjani kwa sababu sikuwa na mbio, halafu kama mtu mzima niliyerudi na diploma. Naitaja diploma kwa sababu ni haki yangu kuitaja. Niliipata Kampala, katika informatique, elimu ya kompyuta, bila mjomba wala mfadhili, nikibeba magunia ya unga mchana na kusoma jioni. Kalembe nzima hapakuwa na mwingine aliyeweza kutunga programu ya kompyuta, na ukinionyesha watano katika wilaya zetu za Masisi na Walikale nitakusalimia kwa mikono miwili. Antrenere aliniita Diplome. Alilitamka neno hilo namna watu wanavyotamka jina la mbwa wa jirani, bila chuki, bila heshima pia.

Niliporudi nilifungua nyumba ya kuchajia simu kando ya barabara: paneli za jua juu ya bati, benchi ndani, na diploma yangu ukutani nyuma ya kioo ili kila anayeingia aione kabla hajaniona mimi. Wakati simu za watu zikichajiwa nilikuwa natunga mchezo. Katika mchezo huu hupigi mpira. Wewe ni antrenere. Unachagua kumi na mmoja wako, unapanga mazoezi, unaamua nani apumzike, kisha simu inacheza mechi yenyewe na kukuletea matokeo. Michezo ya namna hiyo imejaa duniani, yote ya timu za Ulaya. Nilitaka wa kwetu, na nilijua naweza.

Siku aliyouona kwa mara ya kwanza alikuwa ameleta simu yake ndogo ichajiwe. Alisimama nyuma yangu, koti linanuka moshi, akatazama kioo cha kompyuta muda mrefu.

"We Diplome, hii mupira iko ya wapi?"

"Ya hapa kwetu, Papa. Ona, ekipi inaitwa Kalembe. Jumapili inakwenda kucheza Mpofi."

"Huyu namba sita, mama yake alikubali?"

"Mama yake?"

"Mama yake, ndiyo. Mutoto anatoka ku shamba anaenda Mpofi, nani alienda kumuomba?"

Watu kwenye benchi walicheka. Mmoja akasema, "Diplome, Kampala bachezaji habana bamama?" Nilicheka nao, maana mtu mwenye elimu hakasiriki haraka. Lakini Antrenere hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Msomaji wa mbali hataelewa swali hilo mpaka ajue namna yake ya kazi. Ekipi yetu, timu ya Kalembe, haikuwa na mazoezi kama ninyi mnavyoyajua. Ilikuwa na salongo, ile kazi ya wote tunayoifanya kwa barabara na madaraja. Kila juma wachezaji wote walichukua majembe wakaenda kulima shamba la familia ya mmoja wao. Juma hili kwa mama wa namba sita, juma lijalo kwa baba wa namba tisa. Shamba lililimwa asubuhi moja badala ya siku nyingi, na kwa sababu hiyo mama alimtoa mwanawe siku ya mechi bila neno. Salongo ndiyo iliyokuwa mazoezi, ndiyo mshahara, ndiyo mkataba. Antrenere alimjua mchezaji kwa namna anavyoshika jembe. Anayechoka mapema alimweka nyuma. Anayepiga jembe huku akizungumza na kila mtu alimweka katikati.

Basi nikaweka salongo katika mchezo. Nilidhani nimemaliza, kumbe nilikuwa nimemfungulia mlango. Alianza kuja kila siku, simu ikiwa imejaa ao haijajaa, na kila siku aliketi akasema, "Weka na ile."

Weka na ile ya uwanja wetu unaoteremka, ili anayeanza kucheza kupanda abaki na nguvu ya kushuka kipindi cha pili. Weka na ile ya mvua. Weka na ile ya camion, lori la mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la chini, anayebeba ekipi bure kwenda Mpofi isipokuwa siku ambayo gari limejaa maharagwe. Weka na ile ya vizuizi vya wenye bunduki barabarani, ambapo vijana wenye nguvu wanaulizwa maswali mengi kuliko wazee. Weka malaria. Yote niliyaweka, na niliyaweka vizuri. Mvua yangu ilipunguza pasi ndefu. Malaria yangu ilimrudisha mchezaji akiwa na nusu ya pumzi. Hakuna shule iliyonifundisha hayo, niliyapima mwenyewe.

Kisha akasema, "Weka na Rubaya."

Rubaya ni vilima vya koltani, madini ya kutengenezea simu, huko Masisi. Vijana wetu wanakwenda kuchimba na kubeba. Mchezaji analala nyumbani Jumatano, Alhamisi hayupo.

"Kila juma, Papa?"

"Kila juma mumoja anaweza enda. Hujui nani."

"Na kurudi?"

"Bengine banarudi. Mugongo njo hairudi."

Nikaweka hiyo pia. Vijana wa benchi wakaujaribu mchezo, na hakuna aliyefika katikati ya msimu. Walianza na wachezaji kumi na wanane, wakajikuta na wanane. Mmoja aliniwekea simu mezani na kusema, "Diplome, hii haiko mchezo. Hii iko habari ya kwetu. Mi natoka huko sasa hivi, unanirudisha tena?"

Hapo elimu yangu ilizungumza. Anayecheza lazima apewe uamuzi wenye uzito. Akipanga vizuri aone tofauti, akipanga vibaya aone tofauti. Balaa likimjia vilevile achague lolote, basi hachezi tena, anasomewa tu. Niliwaeleza hivyo vijana, nikarekebisha. Gari la Butembo likawa linakuja kila mara. Rubaya ikawa inamchukua yule tu uliyemsahau benchi mechi nyingi. Vizuizi nikavipunguza hadi kimoja. Mchezo ukapata utamu. Vijana waligombania nafasi kwenye benchi langu, wakatukanana, wakafukuzana kama maantrenere wakubwa. "We ulimupumzisha kipa wako mbele ya Mpofi? Uko na akili?" Hiyo ilikuwa kazi yangu, na nilitembea Kalembe kifua mbele.

Antrenere aliucheza huo mchezo mwepesi siku moja, akafanya Kalembe kuwa bingwa, akanirudishia simu kama mtu aliyepewa nguo ya mwingine.

"Hii ulinipa. Sikushinda."

"Ulishinda, Papa. Ulipanga vizuri."

"Sikiliza. Bale batoto banacheza juu ya kufurahi, uwaachie yao. Mimi sifurahi. Mimi natafuta."

"Unatafuta nini?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Namna ya kufika mwisho na bote. Bote, bila mumoja kwenda kwa shimo ao kwa pori ku bunduki. Kama namna iko, nataka niione humu mbele, kisha niifanye inje. Ukiweka uongo humu, inje utanipoteza."

Hapo nilielewa kwa nini hakucheka siku ile ya kwanza. Watu walidhani anapenda mpira. Aliupenda, lakini vikombe alivitumia kuwekea mbegu za maharagwe. Alichokitaka ni wale vijana wabaki hai, wabaki nyumbani, na ekipi ndiyo kamba pekee aliyokuwa nayo ya kuwafunga. Nikamwachia ule mchezo mgumu katika simu aliyoazimwa na mfanyabiashara wa Butembo, na toka hapo palikuwa na michezo miwili Kalembe, wa vijana na wa Antrenere.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtakatifu. Huyo aliyenitoa jasho kwa ajili ya ukweli alikuwa mwongo mkubwa. Alimwambia kila mama kwamba mwanawe ndiye kapteni. Akinamama walifurahi, wakatoa ndizi, wakatoa watoto. Siku moja baada ya misa wawili wakaanza kusalimiana, "Mimi mama kapteni," "Wewe? Mimi njo mama kapteni," na wa tatu akasogea. Antrenere alipita nyuma ya kanisa na kupotea katika migomba, na juma lile salongo ilifanyika bila yeye.

Tena alikuwa na ukali usiopendeza. Mchezaji aliyeumia goti alimfanya alime akiwa amekaa. Hakuruhusu mtu kuomba ushindi katika sala. Alisema Mpofi nao wanaomba, na hataki kumchosha Mungu. Lakini niliwahi kumkuta peke yake uwanjani asubuhi na mapema, kofia mkononi, anataja majina ya wachezaji mmoja mmoja, na nilipomsalimia alijifanya anatafuta shimo la fuko.

Alichukia simu. Aliwafokea vijana waliozishika wakati wa kula. Na yeye mwenyewe, tangu nilipompa mchezo wake, alikula akiwa ameiegemeza simu kwenye sahani, na mkewe alinilalamikia njiani: "Diplome, ulinipokonya bwana. Usiku anaongea na namba tisa mwenye hayuko muntu."

Kipa wetu aliitwa Bauma, kijana mrefu, mpole, mwenye mikono kama makasia. Alipoondoka kwenda Rubaya, Antrenere hakumwambia mtu siku nzima. Alikuja kwangu akaniomba niingize katika mchezo wake kipa mwenye nguvu zilezile, mama yuleyule mjane, shamba lilelile la mbali. Nikamtengenezea. Akaanza msimu, kipa akaenda. Akaanza tena, akampa salongo mbili mfululizo kwa mama yake, kipa akaenda. Akampa ukapteni, akampumzisha, akamsemesha kila juma. Mara moja kipa alibaki hadi karibu na mwisho, na Antrenere alisimama kutoka benchini, mkono mdomoni. Juma lililofuata kipa akaenda.

"Basi twende," akaniambia.

Nilikwenda naye Rubaya. Nilivaa viatu vyangu vya ngozi vya Kampala, na vilikufa njia ile. Tulisimama chini ya kilima mahali ambapo wabebaji wanateremka mmoja nyuma ya mwingine, magunia mgongoni, udongo umewafanya wote rangi moja hata usiweze kumtofautisha ndugu yako. "Pisha! Pisha!" walipiga kelele. Antrenere hakupisha. Alimtambua Bauma kwa mikono.

"Bauma."

"Antrenere. Sogea, niko na muzigo."

"Jumapili tuko na Mpofi."

"Najua."

"Nani atasimama mu goli?"

Bauma hakulitua gunia. Aliinama kidogo zaidi ili aweze kutazama juu. "Antrenere, nikuulize. Narudi, nacheza, tunashinda Mpofi. Jumatatu nafanya nini?"

"Jumatatu tuko na salongo kwa mama yako."

"Shamba ya mama hakuendeke tena. Benye bunduki balikaa mule. Mama alishakimbia, iko kwa dada yake. Hukujua?"

Hakujua. Aliyejua mashamba yote ya Kalembe hakujua hilo. Nyuma ya Bauma foleni ilikuwa imesimama na watu wanatukana. "We muzee, unazibisha barabara ya nani?" Bauma alisema polepole, "Unihurumie, Antrenere, gunia inaniua," na Antrenere akapisha. Alisimama pembeni mpaka kijana akapotea kwenye kona, kisha akageuka nyuma kuhesabu, na nyuma yake nilikuwa mimi peke yangu.

Tulikuwa tumekaribia nyumbani aliposema:

"Weka na ile."

"Ipi, Papa?"

"Jumatatu. Mchezo yako inaisha Jumapili. Weka Jumatatu."

Niliiweka. Baada ya kila mechi, mchezaji mmoja anamjia antrenere na kumwuliza anafanya nini kesho. Unaweza kumpa salongo, kama shamba la kwao linaendeka bado. Kama haliendeki, huna cha kumpa, unamtazama tu. Katika kazi zangu zote sijatunga kitu cha kweli kama hicho, na hakuna kijana yeyote niliyemwonyesha aliyekubali kukigusa.

Baada ya hapo mashamba yalizidi kufungwa, moja baada ya jingine, na salongo ikawa inarudia palepale karibu na barabara, kwa akinamama walewale. Wa juu mlimani hawakuwa na cha kulimiwa, na watoto wao walikuwa wa kwanza kuondoka. Siku ambayo risasi zilifika Kalembe kwenyewe, watu waligawanyika barabarani, wengine huku, wengine kule. Mimi nilibeba kompyuta na diploma, niliacha paneli. Sikumwona Antrenere.

Nilimkuta baadaye Mpofi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza upya, kama ilivyo tabia yangu: meza, paneli moja ya mkopo, watu wanapanga mstari. Mama mmoja aliyeleta simu akaniambia Antrenere yuko kwenye ghala la mfanyabiashara wa Butembo, yuleyule wa camion, aliyewapa wakimbizi mahali pa kulala. Nikafunga kazi mchana ule nikaenda na kompyuta yangu begani.

Alikuwa ameketi juu ya magunia matupu, koti la kijani limepasuka bega, anacheza. Alikuwa amekonda. Mkewe alikuwa nje anapika na wanawake wengine. Nikamsalimia, nikauliza ekipi.

"Bane njo niko nao hapa," akasema. "Bengine Rubaya. Babili balibeba bunduki, siku moja nilipita ku kizuizi, mumoja wao njo aliniuliza karte ya kitambulisho. Alinipigia saluti. Namba tisa."

Nilishusha kompyuta begani, nikaketi kando yake.

Akaweka simu chini. "Diplome, sema kweli. Wewe njo ulitunga. Mule ndani namna iko?"

Jibu nilikuwa nalo. Muda mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimeiachia kompyuta icheze ule mchezo mgumu yenyewe, bila mtu, msimu juu ya msimu, ikijaribu kila salongo, kila kapteni, kila pumziko, jua likiwaka paneli ikiilisha. Kuifanya kompyuta icheze hivyo si kazi ya kila mwenye diploma. Ilicheza misimu ambayo binadamu asingeimaliza katika maisha yake. Hakuna hata mmoja uliofika mwisho na wote.

"Haiko, Papa."

Hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa umbali wa safari ambayo ameshaitembea.

"Basi weka."

"Niweke nini?"

"Namna. Moja. Kadogo tu. Usinionyeshe iko wapi, mi nitaitafuta."

"Ile nyepesi uliikataa, Papa. Ulisema nilikupa."

"Ile uliondoa mambo. Mi sisemi uondoe. Rubaya ibakie. Barabara ibakie. Jumatatu ibakie. Weka kitu kimoja juu yake, kyenye kinaweza fanya kijana abakie. Kya kweli. Kyenye naweza kuja kukifanya inje."

"Kitu gani?"

"Wewe njo uko na diploma."

Hakulisema kwa dhihaka. Ilikuwa mara ya kwanza alitamka neno hilo namna ninavyolitamka mimi. Nje wale wanne walikuwa wanapiga kitu ukutani, mpira ao matambara, na mmoja alikuwa anaita, "Antrenere! Tuanze?" na yeye hakuitika.

Nilifungua kompyuta juu ya magoti yangu. Nikatafuta mahali panapoitwa Jumatatu, pale ambapo mchezaji anakuja kuuliza. Nimetunga programu Kampala, nimetengeneza za maduka, za shule, sijawahi kushindwa na hata moja. Niliandika neno ambalo kila amri ya namna hiyo huanza nalo: kama. Nikafikiri shamba, nikakumbuka mashamba. Nikafikiri mama, nikakumbuka akinamama wako wapi. Nikafuta, nikaandika kama tena.

Antrenere alisogea karibu, kisha akakumbuka masharti yake mwenyewe.

"Endelea," akasema. "Mi siangalii."

Akageuka, akaweka uso ukutani, mikono magotini, akangoja.